Mpigo wa Thelathini

Kaka yangu Matsuji alikuwa akikojoa ndani ya chupa ya siki. Watu wote wa taa walifanya hivyo. Walikaa juu ya mbao zilizoning'inizwa kwa kamba chini ya paa la studio, mita nane kutoka sakafuni, na ukishapanda asubuhi hushuki mpaka Mwalimu Hizume aseme amepata anachokitaka. Wenzake walizificha chupa zao. Yeye ya kwake aliipa jina la mke wa meneja.

"Bibi Katsue leo kajaa mapema," alikuwa akiniambia akishuka ngazi. "Mpisheni, mpisheni, asije akamwagikia watu."

"Una miaka thelathini na tisa, Kaka. Huoni haya?"

"Haya nimeiacha huko juu. Panda ukaichukue."

Mimi naitwa Orihara Fusae. Niliingia katika studio ile ya Kyoto mwaka wa pili baada ya vita, kwa sababu Matsuji aliniombea, na kwa sababu nilikuwa nimemaliza shule ya wasichana na mwandiko wangu ulisomeka. Kazi yangu ilikuwa kumbukumbu. Nilikaa kwenye kigoda kando ya kamera, daftari magotini, saa ya sekunde shingoni. Filamu hupigwa vipande vipande, leo mlango, keshokutwa mtu anayeingia mlangoni, na mimi ndiye niliyejua bakuli lilikuwa mkono gani, chai ilibaki kiasi gani, mwigizaji alivuta pumzi kabla ya neno lipi. Kila jaribio la kupiga kipande tuliita mpigo, na kila mpigo ulikuwa na mstari wake daftarini. Uliokubaliwa niliuwekea duara. Uliokataliwa niliuwekea mistari miwili iliyokatana. Daftari hilo ndilo lililokwenda maabara, na watu wa maabara walifuata daftari, hawakumfuata mtu.

Mwezi uliopita Mwalimu Hizume alifariki na magazeti yameandika kurasa nzima. Wameandika kwamba alikuwa mtoto wa mtengeneza miavuli wa Otsu, kwamba alianza kwa kufagia ukumbi wa sinema, kwamba Ulaya walimpa tuzo mbili na zote mbili alikwenda kuzipokea akiwa na viatu vilivyoshonwa upya. Ni kweli. Wameandika pia kwamba hakuwahi kumpigia mtu kelele. Hilo nalo ni kweli. Alisema tu, "Mara nyingine." Ukimwuliza umekosea wapi, alikujibu kwa upole, "Mwigizaji ni wewe. Mimi nitajuaje?" Nilimwona mzee mmoja aliyeigiza jukwaani miaka arobaini akipiga magoti na kutapika baada ya mpigo wa hamsini na mbili. Mwalimu alingoja sakafu ipanguswe, akasema, "Mara nyingine."

Na sisi tulijivuna. Lazima niliandike hili, maana bila hili mengine hayaeleweki. Watu wa studio nyingine walituonea huruma, nasi tuliwahurumia wao kwa filamu zao za siku kumi na mbili.

Tulikuwa na sheria moja. Msaidizi wa kwanza, Bwana Tokumaru, akishapaza sauti "Sasa kweli!", hakuna kinywa kinachotoa sauti wala mguu unaosogea mpaka Mwalimu mwenyewe aseme "Kata." Seremala mmoja alikanyaga msumari katikati ya mpigo akasimama juu yake dakika nne. Kaka yangu aliungua mkono kwa taa, ngozi ikabaki kwenye chuma, naye akatulia kama jiwe. Tulizisimulia habari hizi kwenye duka la tambi la nje ya lango, tukicheka hadi machozi. Waliokuwa wageni kazini waliangalia chini. Baada ya mwaka nao walikuwa na habari zao za kusimulia.

Mwezi wa nane wa mwaka wa ishirini na nane wa Showa, yaani 1953, tulikuwa tukipiga tukio la mchele. Mke wa fundi wa majamvi anaosha mchele jikoni. Nyuma ya ukuta wa mbao watu wanauweka chini mwili wa mumewe uliotolewa mtoni. Hawamwiti. Yeye anasikia tu kwamba kitu kimewekwa chini. Anainua kichwa. Kisha anaendelea kuosha mchele. Dakika sita bila kukata.

Mke huyo aliigizwa na Bibi Ebihara Shino, ambaye picha yake ilibandikwa katika kila duka la kinyozi mjini. Kwa siku mbili wanaume wawili waliangusha gunia nyuma ya ukuta, na kwa siku mbili Bibi Ebihara aliinua kichwa, na kila mara Mwalimu akasema neno lake lile lile. Vidole vya yule mama vilikuwa vimekunjamana kwa maji, vyeupe kama vya maiti.

"Mwalimu," Bwana Tokumaru alimnong'oneza, "labda tumwambie anasikia nini hasa?"

"Kwani mke wa yule fundi aliambiwa?" Mwalimu akajibu.

Katikati ya tukio hilo wingu lilitakiwa kupita juu ya uso wa mwanamke. Wingu lilikuwa kaka yangu. Alilala kifudifudi juu ya ubao, akanyoosha mkono, akakisogeza kitambaa cheusi mbele ya taa yake taratibu, akahesabu hadi ishirini, akakiondoa. Hakuna mwingine aliyeweza kukisogeza bila kutetema. Huko juu joto lilikuwa kali mno. Mbao zilitoa utomvu.

Siku ya tatu mchana hatukupumzika. Niliwafungia watu wa taa matonge ya wali kwenye kamba wakayavuta juu.

"Fusae!" Matsuji akapaza sauti. "Plamu iko wapi? Tonge langu halina plamu ya chumvi ndani!"

"Nimeila."

"Jamani mmesikia? Kalelewa kwa mgongo wangu huyu, kuvuka mto nimembeba mimi, leo ananinyima plamu moja!"

"Ulikuwa ukinibeba ili upate pipi zangu!"

Studio nzima ikacheka, hata Bibi Ebihara, hata Mwalimu kidogo. Hayo ndiyo tuliyozungumza mwisho.

Mpigo wa thelathini ulianza saa nane na dakika kumi alasiri. Nilibonyeza saa. Maji, mchele, mkono wa kulia, mkono wa kulia, ukucha ukikwaruza beseni. Wingu likaja usoni mwa Bibi Ebihara mahali pake. Nikahesabu ishirini kama kawaida yangu ili niandike kama alichelewa. Ishirini. Ishirini na tano. Wingu halikuondoka. Nikasikia chuma kikigonga chuma upande wa nyuma ya ukuta, kisha kitu kizito kikafika sakafuni.

Kaka hakupiga kelele. Watu huniuliza kama naweza kuwa na hakika. Nina hakika. Mpigo ulikuwa ukiendelea naye aliijua sheria kuliko mtu yeyote.

Bibi Ebihara aliinua kichwa. Uso ule siwezi kuuandika. Ulikuwa uso wa mtu aliyeelewa, halafu akaomba asielewe. Kisha mikono yake ikarudi kwenye mchele, kwa kuwa ndivyo tukio lilivyotaka, na ikaendelea kuosha.

Hakuna aliyesogea, hata wale wawili waliokuwa na gunia nyuma ya ukuta. Niliwaona watu wa taa juu wakiangalia chini, vinywa wazi, kimya. Bwana Onuki wa sauti alikuwa ameshika mlingoti wa kinasa sauti kwa mikono miwili, jasho likimtiririka kidevuni. Yeye alisikia zaidi yetu sote, maana alikuwa na vifaa masikioni. Mimi nilikuwa hatua kumi na moja kutoka ukutani. Saa ilikuwa mkononi mwangu. Dakika mbili na sekunde arobaini nilikaa kwenye kigoda nikiandika: mkono wa kulia, mkono wa kulia, anamwaga maji, anaweka beseni.

"Kata," akasema Mwalimu. Kisha, "Nimepata." Akavua kofia. "Sasa mtazameni yule."

Watu wote walikimbia. Mimi nilibonyeza saa kwanza. Niliandika sekunde kwanza. Halafu nikaenda.

Daktari alisema Kaka alipofika sakafuni alikuwa bado akivuta pumzi, ila yeye hakuweza kujua ni kwa muda gani. Hakunitazama aliposema hivyo, wala mimi sikumwonyesha daftari.

Mwalimu Hizume alikuja nyumbani kwetu kwenye maombolezo. Alifukiza ubani, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akakaa saa nzima na mama yetu. Alipokuwa akitoka nilimfuata mpaka mlangoni.

"Mwalimu, nina ombi."

"Sema, Fusae."

"Ule mpigo. Upigeni tena."

Akainama kutafuta viatu vyake.

"Mama huenda kuangalia kila filamu aliyowasha taa Kaka. Huketi mbele kabisa. Kaka amemfundisha kutambua taa zake. Atakaa pale, watu wakila njugu, naye atamsikia mwanawe akifa."

"Hatajua."

"Mimi nitajua. Nitakuwa nimeketi naye. Mwalimu, wewe umerudia tukio kwa sababu nzi alipita. Umerudia kwa sababu ya mvuke wa chai. Rudia mara moja tu kwa ajili ya mtu."

Alivaa viatu vyake polepole, akifunga kamba kwa uangalifu. Sauti yake ilikuwa ya upole kama siku zote.

"Miaka saba umekaa kando yangu. Umewahi kunisikia nikirudia baada ya kupata?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi usiniombe niwe mtu mwingine. Kaka yako asingeniomba." Akatazama ndani, kuelekea kwenye ubani. "Alikuwa fundi mkubwa. Lile wingu lisiloondoka, mimi sikulifikiria. Lilikuwa lake."

Studio ilifungwa siku tatu. Nilirudi siku ya nne, kwa kuwa daftari lilikuwa likiningoja. Bila nakala safi ya mkono wangu, maabara hawakuweza kugusa kazi ya wiki ile. Nilikaa ofisini peke yangu asubuhi, nikayanakili yote kwa wino. Nilipofika mpigo wa ishirini na saba, ambao Bibi Ebihara hakuwa mbaya sana, nikauwekea duara. Nilipofika wa thelathini nikachora mistari miwili iliyokatana. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri hata siku ile.

Kilichokataliwa hakikuwekwa. Kilikatwa, kikatiwa ndooni, kikaoshwa kwa dawa ili madini ya fedha yaliyomo yatoke yatumike tena, na ukanda wa sauti nao ulichomwa. Nilijua siku wanayoosha. Nilingoja ipite.

Jumamosi tuliketi kwenye chumba cha kutazamia, Mwalimu mbele na pakiti yake ya sigara. Ukutani akaonekana Bibi Ebihara akiosha mchele. Wingu likaja, likaondoka. Gunia likaanguka. Akainua kichwa kama mtu aliyeitwa kula.

"Huu siyo," akasema Mwalimu.

Bwana Tokumaru akainuka. "Mtu wa mashine amekosea! We! We huko nyuma, umekula nini leo? Weka wa thelathini!"

"Hakuna wa thelathini," sauti ikajibu kutoka nyuma. "Daftari linasema umekataliwa. Umeoshwa."

Nikasimama. "Ni mimi, Mwalimu. Niliandika mimi."

Bwana Tokumaru alinigeukia, midomo imemkauka. "Fusae, wewe una wazimu? Unajua ulichofanya? Siku tatu! Bibi Ebihara vidole vimetoka ngozi! Kaka yako mwenyewe... ndicho alichofia kile! Umemtia ndooni!"

Nilifikiri Mwalimu angerusha kibweta cha majivu, ingawa hakuwahi. Akawasha sigara nyingine.

"Umeoshwa wote? Na sauti?"

"Wote, Mwalimu."

"Haya," akasema. "Keshokutwa, saa mbili asubuhi. Mwiteni Bibi Ebihara. Jiko lisiguswe. Fusae, uje na daftari lako lile la kwanza, la penseli."

Nilikuja. Ningeweza kutokuja. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi na sijapata jibu jingine, ila kwamba saa mbili kasoro robo nilikuwa nimechonga penseli tano nikiwa kwenye kigoda changu.

Mwalimu alisimama mbele yangu watu wote wakisikia. "Mimi nilikuwa nikitazama uso. Sikumbuki sauti ilikuwaje. Onuki anasema alisikia kwa nguvu mno, masikio yalimziba. Kazi ya kukumbuka ni yako. Tutaangusha kitu kutoka pale juu, wewe utaniambia kama ndivyo. Ukisema ndivyo, tutapiga na hicho."

Nilielewa papo hapo kwamba mlango uko wazi. Wakiangusha gunia la kwanza niseme "ndivyo." Filamu itakuwa na sauti ya gunia, na Mama ataketi mbele asikie gunia. Nilikuwa na neno hilo mdomoni tayari.

Waliangusha gunia la mchanga. Lilitoa sauti kavu, ya mara moja, kama mlango.

"Ndivyo?"

"Hapana," nikasema.

Sijui nani alisema. Ni mimi. Mtu akiniuliza bakuli lilikuwa mkono wa kushoto, nami najua lilikuwa wa kulia, ulimi wangu haujui kusema kushoto. Nilikuwa nimedanganya mara moja kwa wino, ofisini, bila mtu kuniuliza. Kumbe kuulizwa ni jambo jingine.

Waliangusha magodoro yaliyolowanishwa. Waliangusha magunia mawili yaliyofungwa pamoja. Hapana. Hapana. Kila mara Bwana Tokumaru alinitazama kwa chuki iliyokuwa ikipungua, mpaka ikawa kama woga. Saa tano Bwana Onuki akarudi na mkokoteni kutoka machinjioni. Juu yake kulikuwa na nguruwe mzima, aliyechinjwa asubuhi ile, na mtu wa mavazi akamvalisha koti la pamba la watu wa taa na kumfunga mkanda.

"Huyu kamzidi unene kidogo," mmoja wa waliokuwa wakimpandisha kwa kamba akasema, na wawili wakacheka. Bwana Onuki akaja akainama mbele yangu. "Dada, samahani. Samahani sana. Niliagizwa."

Waliangusha nguruwe. Sakafu ikatikisika. Juu mtu mmoja alianza kulia, akazibwa mdomo.

"Ndivyo?" akauliza Mwalimu.

"Karibu," nikasema.

"Kinapungua nini?"

Nikafungua daftari la penseli, ingawa sikulihitaji.

"Kwanza kulikuwa na koleo. Lilitoka kwenye mkanda, likagonga mguu wa chuma wa taa ya chini. Halafu nafasi ya pumzi moja. Halafu yeye. Na alianguka kwa ubavu, hakuanguka kwa mgongo, kwa hiyo kulikuwa na mkono kabla ya mwili."

"Basi?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Hili hakuna aliyelisikia isipokuwa mimi na labda Bwana Onuki, na Bwana Onuki alikuwa ameinamisha kichwa, amefumba macho, akiniombea ninyamaze. Naamini hivyo.

"Kisigino," nikasema. "Baadaye. Sekunde tisa baadaye. Kiligonga ubao mara mbili, taratibu. Ya pili ndogo kuliko ya kwanza."

Mwalimu alinitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, nami nikamchukia kwa hilo kuliko mengine yote. "Koleo," akamwambia Bwana Tokumaru. "Na mtu wa kisigino, avae viatu vya nguo vya watu wa taa. Fusae atamwonyesha namna."

Nilikwenda nyuma ya ukuta nikamwonyesha. Nilivaa vile viatu mwenyewe, nikalala ubavu pale pale, nikagonga. Alijaribu mara saba. Alikuwa mtu mzima, fundi rangi, mwenye watoto wanne, na aligonga haraka na kwa nguvu. "Polepole," nikamwambia. "Usiwe na nguvu. Mtu mwenyewe hana nguvu tena."

Alichaguliwa mtu mwingine wa taa kulaza kitambaa cheusi na kukiacha. Nilirudi kwenye kigoda. Tulipiga mara kumi na nne. Nguruwe alipandishwa na kuangushwa mara kumi na nne, na kufikia alasiri alikuwa amevunjika mifupa, ikabidi wamfunge mabua ndani ya koti. Nilisema hapana kwa koleo lililotangulia mno. Nilisema hapana kwa kisigino cha sekunde saba. Mwalimu hakufungua mdomo. Siku ile neno lake lilikuwa kwangu mimi.

Katika mpigo wa arobaini na nne koleo liligonga, pumzi ikapita, mkono, mwili. Bibi Ebihara akainua kichwa. Hakuwa akiigiza kusikia. Alikuwa amejua tangu asubuhi kitakachokuja, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejua, anayengoja, na bado haamini kwamba kimekuja. Akarudisha mikono majini. Sekunde ya tisa, kisigino. Kisha cha pili, kidogo. Akafumba macho, mikono ikiendelea kuosha mchele.

"Kata."

Hakusema kwamba amepata. Aliondoka kwenye kamera, akaja akachutama mbele ya kigoda changu mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Niliona mvi za masikioni mwake na jivu la sigara kwenye kola. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama fundi anavyomwuliza fundi mwenzake.

"Umezisikia zote mbili, ya siku ile na ya leo. Ipi bora?"

Nilisimamisha saa. Nilifikiri, kwa kuwa nilikuwa nimeulizwa.

"Hii, Mwalimu," nikasema.

Na ilikuwa kweli.